Kupimwa Si Kutibiwa

Wewe mzazi mwenye mtoto wa kigugumizi, nakuandikia wewe. Sikuandikii kukueleza asili ya maradhi haya, maana siijui, na wanaojidai kuijua nimewasikiliza mpaka nikachoka. Nakuandikia kwa sababu nimeishi nayo tangu utoto wangu, na sasa yamepungua kiasi cha kuniwezesha kuagiza nyama buchani bila muuzaji kunimalizia sentensi. Nikichoka yananirudia. Nikikasirika yananirudia zaidi, na humu ndani nitakasirika mara kadhaa kabla sijamaliza, kwa hiyo ushukuru kwamba kalamu haikwami.

Jina langu Tatu. Walionipa jina hilo hawakujua kwamba wananitegea mtego. Mtoto akiulizwa jina lake hutakiwa ajibu upesi, na mimi nilipofika kwenye ile herufi ya kwanza taya lilikaza, bega la kushoto likapanda hadi karibu na sikio, mguu ukaanza kupiga chini wenyewe. Mishipa ya shingo ilinisimama. Aliyeuliza alicheka, au alinionea huruma akanipa jina lolote lililomjia kichwani ili tumalize. Nimewahi kuitwa Tausi, Tabu na Taifa, na mara zote niliitikia kwa kichwa.

Lakini jina lilikuwa na nafuu. Shida yenyewe ilikuwa shikamoo. Neno lingine ukilikwepa unapata la kuziba pengo: badala ya kusema "maji" nilionyesha mtungi, badala ya kusema "kesho" nilisema "siku ile nyingine". Shikamoo haina mwenzake. Huwezi kumwonyesha mtu mzima kidole ukamaanisha heshima. Nikikutana na mzee njiani nilianza kuliandaa neno nikiwa mbali, nikalipanga vizuri mdomoni, na alipofika mbele yangu lilikwama palepale kwenye "shi", naye akapita. Jioni habari ilikuwa imeshafika nyumbani kwamba binti wa Mzee Selemani hana adabu. Nimechapwa kwa ajili ya shikamoo kuliko kwa kosa lolote nililowahi kutenda kweli.

Tulikaa Temeke, wakati wa Mwingereza. Temeke ya siku hizo ilikuwa mihogo, mikorosho na nyumba za udongo zilizoachana, na mtu akienda Kariakoo alisema anakwenda mjini. Baba alikuwa fundi wa magodoro ya sufi. Nyumba nzima ilikuwa na manyoya ya sufi, kwenye nywele, kwenye chai, na jirani mmoja alisema huenda ndiyo yaliyoniziba koo. Kila jirani alikuwa na lake. Kaka yangu Shabani, aliyenitangulia ziwa, naye alikuwa na kigugumizi, ila chake kilikuwa cha kurudia neno, "mi-mi-mimi", na changu cha kuziba kabisa. Watu walimcheka yeye na kuniogopa mimi.

Matibabu ya kwanza yalikuwa kombe. Nililinywa masika yote, maji ya zafarani yenye aya zilizooshwa kwenye sahani, na lilinipa utulivu wa moyo lakini neno halikutoka. Kiangazi kilichofuata nilipelekwa kwa mama mmoja kule Mtoni aliyekuwa akikata ule uzi ulio chini ya ulimi. Alikata. Ulimi ulivimba ukajaa mdomo, nikaishi kwa uji mwembamba niliounywa kwa kuinamisha kichwa upande mmoja, na ulipopungua nilikuwa na kigugumizi kilekile pamoja na kidonda. Mama alilia kuliko mimi.

Halafu hospitali ya serikali. Tuliondoka nyumbani alfajiri tukakaa kwenye benchi la baraza mpaka jua likatufuata tulipokaa, tukasogea, likatufuata tena. Karibu yetu alikaa mama mmoja mwenye mtoto mchanga wa homa. Aliniuliza jina langu. Nikaanza zile tabu zangu, bega na mguu, na yule mama akaendelea kunitazama usoni, huku anampepea mwanawe kwa upindo wa kanga, akangoja. Alingoja mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Tatu. Jina zuri," akaendelea kupepea. Sikumwona tena maishani. Ndani mganga alinifungua mdomo kwa kijiti, akasema ulimi ni mzima, aingie mwingine.

Hivyo yule memsahibu alipokuja shuleni kwetu mwisho wa vuli, sisi tulikuwa watu waliokwisha kuhangaika. Nilikuwa darasa la nne pamoja na Shabani, ambaye alikuwa amerudia. Wasichana tulikuwa wachache, na mwaka ule ulikuwa wangu wa mwisho, ila kulikuwa na ahadi. Baba alikuwa amesema wazi: nikipata ulimi, nitakwenda mbele ya mkaguzi, nitasoma kwa sauti kama wanavyotaka, na nikifaulu nitakwenda shule ya bweni ya wasichana nikawe mwalimu. Nisipoupata, nitakaa ndani kama wenzangu. Hakusema kwa ubaya. Aliona aibu ya kumtoa bintiye mbele ya watu akatoe macho.

Memsahibu alikuja na Mwalimu Yakobo kama mkalimani wake. Mwalimu Yakobo alikuwa mtu wa bara, Mpare, kijana mpole mwenye mashati yaliyopigwa pasi, na kwetu alikuwa kama mtu wa nyumbani. Hakuwa na jamaa Temeke, kwa hiyo Mama alimwekea chakula, na mwezi wa Ramadhani, ingawa alikuwa Mkristo, alikaa mkekani na Baba akafuturu naye. Ndiye aliyenifundisha kusoma. Ndiye mtu pekee shuleni ambaye hakuwahi kunichapa kwa kutojibu.

Wazazi waliitwa wakakalishwa kwenye madawati yetu. Memsahibu alisema Kiingereza kwa muda mrefu, na Mwalimu Yakobo akasema Kiswahili kwa muda mfupi. Alisema mama huyu ametoka Uingereza kufanya uchunguzi wa watoto wenye shida ya kusema, katika shule kadhaa za Dar es Salaam, na kwamba watoto watakaochaguliwa watapimwa kila wiki mpaka kipupwe. Baba akauliza: watapimwa wote? Mwalimu akajibu, wote.

Hapo ndipo tulipoponzwa, na naomba ulitazame vizuri neno lenyewe. Sisi mtu akienda hospitali tunasema amekwenda kupimwa. Ukimkuta njiani unamwuliza, umepimwa? Anakwambia nimepimwa, na mkononi ana chupa ya dawa. Hakuna aliyewahi kwenda kupimwa akarudi mikono mitupu kwa makusudi ya mpimaji. Kwa hiyo Baba aliposikia nitapimwa kila wiki, alisikia nitatibiwa kila wiki, akaja nyumbani anapiga mluzi.

Tulichaguliwa wale tuliokwama kwenye majina yetu. Memsahibu akaleta mfuko wa kitambaa wenye maharage, meupe na mekundu, kila mmoja akatia mkono bila kutazama. Tulidhani ni mchezo. Shabani alitoa jeupe. Mimi nilitoa jekundu, nikalifurahia, maana rangi nyekundu naipenda. Wenye meupe wakapelekwa darasa la mwisho kule pembeni mwa ua, wakafungiwa mlango. Wenye mekundu tukapelekwa ghalani, kwenye majembe na magunia ya shamba la shule.

Ghalani tuliingia mmoja mmoja, wengine wakisubiri kwenye ukuta wa nje. Mle mezani palikuwa na mashine ya kunasa sauti, yenye magurudumu mawili yanayozunguka na utepe wa rangi ya kahawa. Nilipewa ukurasa wa mtu na mbuzi wake, nikausoma mbele ya mashine. Kila wiki mtu yuleyule na mbuzi yuleyule. Nikimaliza, memsahibu ananipa biskuti moja, anasema "Asante, Tatu," na mimi nakwenda zangu. Hakuniambia fanya hivi wala usifanye vile. Hakunigusa mdomo.

Sisi watoto wa ghalani tuliamini mashine ndiyo dawa. Tuliona utepe unazunguka, ukitoka gurudumu hili na kuingia lile, tukajua kwamba unavuta kigugumizi na kukikunja kule. Mwingine alisema siku utepe ukijaa ndipo tutapona. Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo mpaka leo linanichoma: nilijitahidi kukwama. Nyumbani nilibana maneno nisiyapoteze, na mbele ya mashine niliyaachia yote, nikatoa macho, nikapiga mguu, ili kigugumizi kitoke chote kisibaki hata punje. Memsahibu alionekana kuridhika sana na mimi.

Masika yaliingia. Njia ya shule ikawa matope, na Shabani akaanza kusema. Haikuwa ghafla. Kwanza "mi-mi-mimi" ikawa "mi-mimi", kisha siku moja akamwomba Mama chumvi kwa sentensi nzima, polepole, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, akafika ng'ambo. Mama akashika kifua. Akaniangalia mimi.

Nilimwuliza Shabani tukiwa tunateka maji, kwa maneno na kwa mikono, wao kule darasani wanafanya nini. Alikuwa ameinama kisimani. Hakuinuka.

"Kama nyinyi tu," alisema.

Nilimwamini. Kaka yangu, ziwa moja, tuliyekuwa tukichekwa pamoja na kupigana na wachekaji pamoja. Nilimwamini, nikarudi ghalani wiki iliyofuata nikakwama kwa nguvu zaidi.

Ndipo nyumba ikaanza kugawanyika. Baba alisema wote wawili wanakwenda mahali pamoja, kwa mama mmoja, wiki moja: mbona mmoja anapona? Basi mwingine hataki. Mama alinitetea kwanza, baadaye akachoka. Alisema labda ni kiburi cha upande wa babangu, Baba akasema ni deko la upande wa mamangu, na mimi nilikaa kati yao na bakuli langu nikiwa ndiye ushahidi wa kila mmoja. Nilikonda. Usiku taya liliniuma kwa kukazwa mchana kutwa. Kwenye chuo cha Kurani, tulipokuwa tukisoma kwa pamoja sauti moja, sikukwama hata kidogo, na hilo likanizidishia lawama, kwani shangazi yangu alilisikia akaja kulisema: anaweza, anafanya makusudi.

Ramadhani ya mwaka huo iliangukia mwisho wa masika. Mwalimu Yakobo alikuja kufuturu kama kawaida. Nilikuwa ninapeleka tambi pale mkekani Baba alipomwuliza, kwa sauti ya mtu anayeona haya kumsumbua mgeni, kama na mimi kweli ninashughulikiwa kama mwenzangu. Mwalimu alimega kipande cha muhogo. Alinitazama, akatazama sahani.

"Anapimwa, Mzee Selemani," alisema. "Hakosi hata wiki moja."

Baba akaniambia, umesikia? Niliitikia kwa kichwa. Wasiwasi ulimwisha, na mahali pake ikaingia hasira juu yangu, ambayo haikutoka mpaka kipupwe.

Nikupe neno moja hapa, mzazi, kabla sijaendelea, maana mwishoni sitakuwa na nafasi. Mtoto wako asipopona, usianze na yeye. Anza na yule anayemtibu. Mwulize anafanya nini, siyo kwa jina la kazi, kwa vitendo: anamshika wapi, anamwambia nini, anamfundisha nini akajizoeze nyumbani. Ukijibiwa kwa neno moja, kaa palepale uulize tena, hata kama ni mtu unayemheshimu. Baba yangu alikuwa na adabu mno, na adabu yake nimeilipia mimi.

Kipupwe kikaja na upepo wake mzuri, na siku ya mwisho ya kazi wazazi wakaitwa tena. Walikuja wakubwa wawili wa elimu wenye kaptula nyeupe. Shabani alitolewa mbele. Alisoma kuhusu yule mtu na mbuzi wake, akavuta pumzi pale, akaegemea neno hapa, akamaliza. Watu wakapiga makofi, na Baba akajifuta macho hadharani. Kisha memsahibu akaniita mimi.

Nilidhani siku yangu imefika. Nilidhani utepe umejaa. Nilisimama nikasema moyoni bismillahi, nikafungua mdomo kwa neno la kwanza, na hapo hapakuwa na kitu. Taya likafunga. Bega likapanda. Nilisikia mguu wangu unapiga sakafu na watoto wanaanza kucheka kule nyuma, kisha wazazi, wale wenye haya wakiziba midomo kwa kanga. Niliinua macho nikamwona memsahibu. Alikuwa akitabasamu. Hakuwa akinicheka, hapana, uso wake ulikuwa mwema kabisa. Kila nilipokwama aligeuka kwa wale wakubwa akawapa ishara ya kichwa, kama mama ntilie anayeonyesha wateja jinsi wali wake ulivyoiva. Sikuelewa. Sikuwahi kuona mtu akifurahia kukwama kwangu bila chuki.

Njiani Baba alitangulia. Tulipofika alisimama uani, akaniambia kesho sitakwenda shule, wala keshokutwa, kwa sababu nimemwaibisha kwa makusudi mbele ya serikali. Nilijaribu kumwambia. Mdomo ulikuwa mmoja na ule wa asubuhi. Akaona najifanya, akainua mkono.

"Usimpige, Baba," alisema Shabani. "Yeye hakufundishwa."

Alilisema lote bila kukwama. Baba akabaki na mkono juu. Akamwuliza, hakufundishwa nini? Na Shabani, kwa ule ulimi wake mpya, akaeleza kila kitu. Darasani walifundishwa kuvuta pumzi kabla ya neno, kulianza neno polepole kwa midomo laini, kupiga kidole pajani kwa kila silabi, kuimba sentensi kwanza halafu kuisema. Kila wiki, na mazoezi ya nyumbani ambayo alikuwa akiyafanya msalani. Wa ghalani hawakufundishwa lolote, walinaswa sauti tu. Na Mwalimu Yakobo aliwaambia wa darasani kwamba atakayewaambia wa ghalani ataharibu kazi yote na atatolewa.

Ungefikiri nilimshukuru. Nilimtazama kaka yangu, aliyejua tangu vuli, aliyejua siku ile kisimani, aliyejua kila jioni nilipokaa kati ya wazazi na bakuli langu, nikahisi ardhi imenikimbia. Mwalimu alikuwa mgeni hata kama alikula kwetu. Mzungu alikuwa Mzungu. Shabani alikuwa mimi. Alitaka kupona, na alijua anaweza kutolewa, na alikuwa mtoto. Haya yote nimeyapima miaka mingi na ni kweli yote. Wakati ule nilijua moja tu, kwamba alinunua ulimi wake kwa wangu.

Baba alinishika mkono tukaenda moja kwa moja hadi chumbani kwa Mwalimu Yakobo. Alikuwa anapiga pasi. Baba hakukaribia kiti alichopewa.

"Ulinambia mwanangu anatibiwa," Baba alisema.

"Hapana, Mzee Selemani. Nilisema anapimwa." Aliweka pasi pembeni. "Sikusema neno la uongo hata moja. Memsahibu alitaka kujua kama yale mafundisho yanafaa, na huwezi kujua bila wa kulinganisha nao. Hata sokoni, bila jiwe mizani haisemi kitu."

"Na jiwe ni huyu."

Mwalimu akalinyoosha shati alilokuwa akilipiga pasi. Baba alimtazama, akatazama lile shati juu ya meza.

"Umefuturu kwangu, Mwalimu," alisema, tukatoka.

Nilingoja Baba aniambie kwamba kesho nitarudi shule. Hakuniambia. Mkaguzi alikuwa ameshapita, memsahibu amehamia wilaya nyingine, na Baba aliona haya kunitazama, na mtu anayeona haya kukutazama hakupeleki popote. Alijua sina kosa. Akaniacha nyumbani hivyohivyo. Hilo nalo ni la kuandika.

Vuli ilipoanza nikavunja ungo, nikatiwa ndani kuwa mwali. Na humo ndani, wallahi, ndimo nilimoacha kuwa mgonjwa. Mwali kwetu hasemi. Akiingiliwa na watu hupiga magoti na kuinamisha kichwa, na kadiri anavyozidi ukimya ndivyo wanavyozidi kumsifu mafunzo yake. Yule shangazi aliyesema nafanya makusudi akawa ananitangaza mtaa mzima: mwali wa Selemani ana adabu, humsikii hata kukohoa. Nilinenepa. Ngozi ilinawiri. Taya lililegea kwa kukosa kazi, na sauti, kwa kutotumika, ikawa nzito na ya kukwaruza hata nilipoijaribu peke yangu nilidhani kuna mtu mwingine chumbani. Nilikuwa nimepona kwa njia ya kuzikwa.

Shabani alikuwa haruhusiwi kuingia. Alikuja kukaa nje ya ukuta, upande wa mkorosho, akaanza kunisomea yale masomo yake kupitia tundu la udongo: vuta pumzi, Tatu, anza polepole, legeza midomo. Nililiziba lile tundu kwa sufi ya Baba. Baadaye sana, nikiwa na mume na mtoto wangu wa kwanza ananiita nami nashindwa kumwitikia, ndipo nilipomwomba Shabani anifundishe, na alinifundisha kwa uvumilivu ambao sikuwa nimeutarajia. Yeye ndiye sababu nasema leo. Bado tukikaa wawili pana mahali tunapopakwepa, na sote tunapajua.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Kabla ya masika kuingia tena, nikiwa bado ndani, gari lilisimama mbele ya nyumba. Alikuwa memsahibu na Mwalimu Yakobo, na mashine yao. Baba aliwapokea barazani. Mimi niliitwa nikasimama nyuma ya pazia la mlango, kwani mwali haonekani, na Mama akasimama nyuma yangu. Shabani alikuwa uani, akaacha kupasua kuni.

Mwalimu aliamkia kwa unyenyekevu mwingi. Akasema memsahibu amerudi kukamilisha kazi. Wale wa darasani ameshawaona, bado wanasema vizuri. Sasa anawataka wale wengine, ajue kama muda umewabadilisha wenyewe bila mafundisho. Baba akauliza, baada ya hapo atafundishwa? Mwalimu akamwuliza memsahibu kwa Kiingereza, memsahibu akajibu kwa masikitiko ya kweli, nililiona hilo kupitia pazia. Mwalimu akasema meli yake inaondoka wiki ijayo. Ni kupimwa mara moja tu, akasema, halafu basi, na atamletea Tatu kitambaa cha gauni.

Ilikuwa haki ya Baba kujibu. Mwali hajisemei, na binti wa Temeke siku hizo hata akiwa si mwali hajisemei. Nilingoja akubali kwa adabu zake.

"Mwulize mwenyewe," Baba alisema. "Mara ya kwanza hatukumwuliza."

Mama alinigusa mgongoni. Mwalimu Yakobo akasogea karibu na pazia, akasema, Tatu, umesikia maneno ya memsahibu, unakubali? Nikafungua mdomo. Nilikuwa na neno moja tu, fupi, na nilikuwa sijasema na mtu tangu vuli. Taya likafunga. Bega likapanda. Pazia likatikisika kwa mguu wangu.

"S-s-s-si..."

"Sijambo," Mwalimu akanisaidia. "Anasema hajambo."

Baba akainua mkono kumzuia.

"Mwache amalize," alisema.

Wakangoja. Sikuwahi kungojewa na watu wengi hivyo. Kuku walikuwa wakipekua uani, na mimi nilikuwa nimekwama palepale kwenye "si", macho yamenitoka nyuma ya pazia, jasho linanichuruzika. Ndipo Mwalimu Yakobo, nadhani kwa huruma, nadhani bila kufikiri, akaniambia kwa sauti ndogo, kama anavyosema na mtoto anayempenda:

"Vuta pumzi kwanza, Tatu. Anza polepole."

Ndiyo hayo. Ndiyo maneno waliyokuwa wakipewa kule darasani kila wiki mlango umefungwa. Alikuwa nayo mfukoni siku zote, alikuja nayo kwetu kufuturu, alikula nayo tambi zangu. Nilisikia Mama ameguna nyuma yangu. Nami sikuivuta pumzi. Nilikataa kuanza polepole. Nililisukuma lile neno kwa njia yangu ya zamani, kwa mguu na bega na mishipa, likaja limejeruhiwa lakini zima.

"S-s-si-sipimwi."

Memsahibu akamgeukia Mwalimu, akamwuliza nimesema nini. Mwalimu alirudi nyuma hatua moja, akaliacha pazia. Kisha akamwambia, na kwa jinsi uso wa yule mama ulivyobadilika nilijua kwamba safari hii ametafsiri neno kwa neno.